Kabla ya Kumshtaki Polisi Marekani, Jua Mfuko Uko kwa Nani

Inkster ni mji mdogo pembezoni mwa Detroit, jimbo la Michigan. Januari 2015 polisi wa hapo walimsimamisha dereva wa miaka 57, wakamvuta kutoka garini na kumpiga, na kamera ya gari lao wenyewe ikarekodi. Mji ukakubali kumlipa karibu dola milioni 1.4. Mwaka huohuo wenye nyumba wa Inkster walikuta nyongeza katika hati zao za kodi ya majengo: kwa nyumba ya kawaida, takriban dola 178. Askari aliyempiga alihukumiwa kifungo. Fedha za fidia zilitoka kwa majirani.

Naanzia hapo kwa sababu swali la kwanza ninalolisikia kila ninapokaa kati ya wakili na familia ya Waswahili wenzetu ni hili: "Huyu askari atatulipa?" Mimi si wakili. Ni mkalimani, na kwa miaka tisa nimebeba maneno kutoka upande mmoja wa meza kwenda upande wa pili, mara nyingi kwa familia zilizotoka Kongo, Burundi na makambi ya Tanzania, nyingine zilizotoka Kenya kwa masomo na kazi. Nimeshuhudia kesi nzuri zikifa kwa kukosa maarifa ambayo yangeelezwa kwa saa moja. Ninayoyaandika hapa hayachukui nafasi ya wakili. Nataka umfikie mapema, ukiwa na maswali ya maana.

Kwa swali lile la kwanza, jibu ni kwamba karibu kamwe askari halipi. Mwaka 2014 Joanna Schwartz, profesa wa sheria wa UCLA huko Los Angeles, alichapisha utafiti wa malipo ya kesi za polisi ya miaka 2006 hadi 2011 katika idara kubwa na ndogo. Kati ya fedha zote walizolipwa wadai, askari wenyewe walitoa asilimia 0.02. Chukua kila dola 10,000 zilizolipwa: mbili ndizo zilizotoka mfukoni mwa askari. Zilizobaki zililipwa na serikali zilizowaajiri.

Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki hili si geni sana. Kwetu pia, ukiwa na madai dhidi ya polisi, unajikuta unapambana na serikali kupitia Mwanasheria Mkuu. Tofauti ni kwamba Marekani haina jeshi moja la polisi. Ina idara takriban 18,000, nyingi zikiwa za mji, nyingine za sherifu wa kaunti, nyingine za jimbo, na kila moja ina mfuko wake. Ndiyo maana jambo la kwanza la kuandika kwenye karatasi, hata kabla ya jina la askari, ni idara iliyoandikwa kwenye beji yake na ubavuni mwa gari lake. Nimewahi kumtafsiria mtu aliyekaa miezi akiliandikia jiji barua, kumbe waliomkamata walikuwa wa kaunti.

Jiji kubwa hujilipia lenyewe. Machi 2021 Minneapolis ilipokubali kuilipa familia ya George Floyd, aliyeuawa na polisi wa jiji hilo, dola milioni 27, jukumu lilikuwa la jiji lenyewe, lisilotegemea kampuni ya bima. Mji wenye askari kumi na wawili hauna uwezo huo. Hukumu moja ya milioni chache inaweza kumeza bajeti ya mwaka mzima, maji na barabara na yote. Kwa hiyo miji midogo na ya kati hununua bima ya dhima. Ukiwa na gari unaijua namna yake: ni kama ile bima ya mtu wa tatu, isiyotengeneza gari lako bali inamlipa yule uliyemgonga. Mji unalipa ada kila mwaka, na askari wake akimuumiza mtu kinyume cha sheria, bima inasimama mbele.

Miji mingi haiendi hata kwa kampuni ya kibiashara. Inaungana na miji jirani na kuanzisha mfuko wa pamoja. Mfano ulio karibu nasi ni kikundi cha kuzikana. Kila nyumba inachangia, mwenye msiba anahudumiwa, na nyumba yenye msiba kila mwezi hatimaye inaitwa kikaoni kuulizwa kulikoni. Mji ambao polisi wake wanashtakiwa mara kwa mara huongezewa mchango. Ukiendelea, huambiwa utafute kikundi kingine. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu humo imo nguvu ambayo wengi wetu hatujaitumia.

Kwanza kesi yako. Hati ya bima ya mji ina mambo matatu yatakayokugusa. Kuna kiasi ambacho mji lazima ulipe wenyewe kabla bima haijaanza. Kuna kikomo, yaani kiwango cha juu ambacho bima haivuki. Na kuna mambo ambayo bima imeyatenga isiyalipie. Mji mdogo wenye kikomo cha dola milioni moja, usio na mali nyingine ya maana, mara nyingi hautalipa milioni tano hata ukishinda kwa kishindo. Ile milioni moja ndiyo fedha halisi iliyopo mezani. Wakili mzuri huliangalia hili mapema. Katika mahakama ya shirikisho, kanuni ya 26 ya mwenendo wa kesi za madai inamlazimu mdaiwa kuonesha hati ya bima inayoweza kulipia hukumu, mwanzoni mwa kesi na bila kusubiri kuombwa. Muulize wakili wako waziwazi: "Hati ya bima umeiona? Kikomo ni kiasi gani? Nani anaamua kukubali suluhu, mji au bima?"

Swali la mwisho lina uzito. Katika miji mingi midogo anayeshikilia uamuzi wa kulipa ni afisa wa madai wa bima, aliyeko pengine jimbo jingine, na ndiye anayemlipa wakili wa upande wa pili. Anapima uwezekano wa kushindwa, gharama ya kuendesha kesi, na kiasi ambacho baraza la juri la eneo lile huwa linatoa. Nilimtafsiria baba mmoja aliyevunjwa mkono kiasi cha kwanza alichotajiwa, akasimama na kutaka kuondoka. Aliona ametukanwa. Wakili wake alimwambia kwa upole: hawa hawapimi utu wako, wanapima karatasi zako, tuwape karatasi. Miezi saba baadaye, baada ya ripoti za daktari wa mifupa na barua ya mwajiri kuonesha mshahara aliopoteza, kiasi kilikuwa kimepanda zaidi ya mara nne. Uchungu wake ulikuwa wa haki kabisa. Kilichopandisha kiasi ni karatasi.

Sasa kalenda, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapopoteza zaidi kuliko mahali pengine popote. Sheria kuu ya kumshtaki polisi wa mji, kaunti au jimbo kwa kuvunja haki za kikatiba ni ya mwaka 1871, iliyotungwa baada ya Vita vya wenyewe kwa wenyewe ili kuwalinda Weusi wa Kusini dhidi ya Ku Klux Klan. Mawakili huiita kwa namba yake, kifungu cha 1983. Sheria hiyo haikuweka ukomo wake wa muda, kwa hiyo mahakama huazima ukomo wa madai ya majeraha wa jimbo husika. Kentucky na Tennessee ni mwaka mmoja tu. Ohio na Texas, miaka miwili. Michigan na New York, mitatu. Minnesota na Maine, sita. Fikiria familia mbili za binamu, moja Louisville, Kentucky, na nyingine Minneapolis, Minnesota, zimepatwa na mkasa uleule: ya kwanza ina miezi 12, ya pili ina 72. Ndiyo maana ushauri wa shemeji aliye jimbo jingine, hata awe na nia njema kiasi gani, unaweza kukuangamiza.

Kuna kalenda ya pili, fupi zaidi. Ukitaka kuongeza madai chini ya sheria za jimbo, kama vile kushambuliwa au uzembe, majimbo mengi yanadai kwanza upeleke notisi ya madai kwa mji. New York inakupa siku 90. California inakupa miezi sita, na Texas pia kwa kawaida miezi sita, ingawa baadhi ya miji yake imeufupisha muda huo zaidi. Madai ya kifungu cha 1983 hayahitaji notisi hiyo, lakini kwa nini utupe nusu ya kesi yako? Na kesi za kifo zinaweza kuwa na ukomo wake tofauti, usikisie.

Mtego mbaya kuliko yote ni huu. Mtu amekamatwa bila sababu, akafunguliwa kesi ya jinai, na watu wakamwambia asubiri kesi hiyo iishe kwanza ndipo ashtaki. Kwa kusikia tu, inaonekana ni busara. Lakini kwa madai ya kukamatwa kinyume cha sheria, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2007 kwamba saa huanza kugonga pale unapofikishwa chini ya mchakato wa kisheria, kwa mfano mbele ya hakimu, si pale unapoachiwa. Kijana mmoja niliyemtafsiria alisubiri miezi kumi na minne hadi akafutiwa mashtaka, akaja na faili safi lenye video na mashahidi, katika jimbo la mwaka mmoja. Wakili aliisoma ile tarehe, akaliweka faili chini, akamwambia pole. Ilinibidi niitafsiri ile pole. Sijaisahau.

Kwa hiyo ongea na wakili wa madai ndani ya wiki ya kwanza, hata ukiwa bado na kesi ya jinai. Wakili wako wa jinai, hasa yule unayepewa na mahakama, kazi yake ni kukuondoa kwenye mashtaka. Madai ya fidia hayamo katika kazi yake. Mwambie pia kabla ya kukiri kosa lolote kwamba unafikiria kushtaki. Mtu akisimama mbele ya hakimu na kukiri kwamba aliwapinga polisi, ili tu arudi nyumbani jioni ile, anaweza kuwa ameufunga mlango wa madai yake. Uamuzi wa mwaka 1994 unazuia kesi ya fidia ambayo ushindi wake ungemaanisha kwamba hukumu ya jinai ilikuwa batili. Pengine kukiri bado ni bora kwako, hasa kama hali yako ya uhamiaji iko hatarini. Ila uamue ukijua unachokiacha.

Siku za mwanzo ni za kukusanya. Nenda hospitali hata kama unaona maumivu ni ya kuvumilia; sisi tumelelewa kuvumilia, na uvumilivu huo hugeuka ushahidi dhidi yako. Mweleze daktari nani alikuumiza na vipi, ili iandikwe kwenye faili. Piga picha za majeraha leo, kesho na baada ya wiki, kwa kuwa alama za pingu na michubuko hubadilika. Andika yote kwa Kiswahili, au Kibembe, au Kinyamulenge, lugha unayoiwazia, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na za watu. Tafuta kamera za maduka jirani mara moja, kwani nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache. Wakili atume barua inayoitaka idara ihifadhi picha za kamera za kifuani na rekodi za simu za dharura. Usibandike lolote kwenye mitandao. Kuna mashemasi na wazee wa jumuiya wanaopenda kurekodi mkutano wa maombi na kuurusha Facebook, waombe wasubiri. Na mtu mwenye sauti nzuri akikupigia kutoka "idara ya madai" akitaka mzungumze kidogo tu, mpe namba ya wakili. Simu hizo kwa kawaida hurekodiwa.

Usiogope kwa sababu wewe si raia. Kifungu cha 1983 kinamtaja raia "au mtu mwingine" aliye ndani ya mamlaka ya nchi. Mkimbizi, mwanafunzi, mwenye kadi ya kijani, hata asiye na karatasi, wote wanaweza kudai. Mtu mwenye hali tete aongee pia na wakili wa uhamiaji kabla ya kufungua kesi, maana kesi humweka mtu hadharani. Lakini ujue tofauti moja kubwa: kifungu hicho hakiwagusi maafisa wa serikali ya shirikisho, wakiwemo wa uhamiaji. Kwao njia kuu ni sheria ya madai dhidi ya serikali ya shirikisho. Unapeleka kwanza dai la maandishi kwa shirika lenyewe, kwa kawaida kwa Fomu ya 95, ndani ya miaka miwili, ukitaja kiasi kamili cha fedha. Ukiacha nafasi ya kiasi wazi, dai lako linaweza kukataliwa. Shirika lina miezi sita ya kujibu kabla hujaenda mahakamani, na huko hakuna baraza la juri. Jaji peke yake ndiye anayeamua.

Sasa nikuambie kwa nini wakili mwaminifu anaweza kukukatalia hata kama umeonewa kweli. Mwaka 1961 Mahakama Kuu iliwaruhusu watu kuwashtaki askari mmojammoja kwa sheria ile ya 1871. Mwaka 1978 iliruhusu kuishtaki miji pia, lakini kwa sharti kwamba uoneshe uvunjaji wa haki ulitokana na sera ya mji au desturi yake. Askari wake kukosea peke yake hakutoshi. Kisha askari mwenyewe ana kinga yenye masharti, iliyojengwa na mahakama tangu 1967 na kuimarishwa 1982: hatawajibika isipokuwa haki aliyoivunja ilikuwa imewekwa wazi tayari, na mara nyingi majaji hutaka kuona kesi ya zamani inayofanana sana na yako. Mtu ameumizwa, na mahakama inauliza kama kuna mwingine aliyewahi kuumizwa vivyo hivyo. Mimi naona hilo ni dhuluma, na sitalisema kwa upole zaidi.

Wengi wenu mnamjua Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 ambaye familia yake ilikimbia Kongo. Tarehe 4 Aprili 2022 alisimamishwa na askari mjini Grand Rapids, Michigan, kwa sababu ya namba za gari, na baada ya mvutano akapigwa risasi ya kichwa. Desemba mwaka huohuo kesi ya madai ya dola milioni 100 ilifunguliwa dhidi ya askari na jiji. Agosti 2023 jaji wa shirikisho aliliondoa jiji katika kesi, kwa sharti lilelile la 1978. Kesi ya jinai ilikuwa njia nyingine kabisa: Mei 2025 baraza la juri lilishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akatangaza kuwa hatairudia. Watu walinipigia simu wakilia, wakisema basi yamekwisha. Kesi ya jinai inadai uthibitisho usioacha shaka ya msingi, ilhali kesi ya madai inahitaji mizani ielemee upande wako tu. Moja kuanguka hakuiui nyingine, na ningependa kila familia ilijue hilo kabla ya kukaa kwenye benchi la mahakama.

Kuhusu lugha, naongea kwa kazi yangu. Katika kesi ya madai ya shirikisho, mahakama kwa kawaida haikupi mkalimani bure kama inavyokuwa kwenye jinai. Gharama hiyo hubebwa na wahusika, kwa hiyo iingie kwenye makubaliano yako na wakili tangu mwanzo. Na ukiwa wa Bukavu au Lubumbashi, usikubali tu mkalimani yeyote wa "Kiswahili". Nimesoma kumbukumbu za mahojiano chini ya kiapo ambamo shahidi wa Kongo alisema jambo moja na mkalimani wa pwani akasikia jingine, na maneno yale yakabaki kwenye rekodi. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Hajui maneno ya sheria, na hapaswi kuyasikia haya mara mbili.

Fedha zikija, zina wenyewe wengi kabla yako. Wakili wa aina hii kwa kawaida halipwi mbele. Huchukua theluthi moja, wakati mwingine hadi asilimia 40, na gharama za wataalamu huondolewa mbali na hizo. Sheria ya 1976 inamwezesha jaji kumlazimisha aliyeshindwa kulipia wakili wa mshindi. Uliza makubaliano yenu yanasemaje ikitokea hivyo. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ikiwa ililipia matibabu, itadai chake. Fidia ya majeraha ya mwili haitozwi kodi ya mapato ya shirikisho, lakini fidia ya kukamatwa tu bila kuumizwa, au ile ya adhabu, hutozwa. Anayepokea SSI, msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kwa hiyo hundi moja inaweza kumfutia msaada wa kila mwezi na hata bima ya afya. Kuna amana maalumu za kumlinda, ila ziandaliwe kabla ya hundi kutoka. Fidia ya mtoto lazima kwa kawaida iidhinishwe na jaji. Na aliyekufa huwakilishwa na mtu aliyeteuliwa na mahakama ya mirathi, huku sheria ya jimbo, wala si kikao cha ukoo, ikitaja nani anafaidika. Ndoa ya kimila isiyo na cheti na majina yaliyokosewa kambini Nyarugusu husumbua sana hapo. Anza kurekebisha karatasi hizo sasa.

Nilisema nitarudi kwenye ada ya bima. Mwaka 2010 mji wa Maywood, karibu na Los Angeles, ulipoteza bima yake, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya madai dhidi ya polisi wake. Ukavunja idara ya polisi, ukawaachisha kazi wafanyakazi wake wote, na ulinzi ukachukuliwa na sherifu wa kaunti. Mwaka 2014 Lincoln Heights, kitongoji cha Cincinnati, Ohio, nacho kilipoteza polisi wake baada ya mfuko wa bima kujitoa. Si lazima mambo yafike huko. Huko St. Ann, Missouri, polisi walizoea kuwakimbiza madereva kwa kasi barabarani, watu wakaumia, malalamiko ya miaka hayakubadilisha kitu. Mfuko wa bima ulipotishia kujitoa, sera ikabadilika: kukimbiza kukabaki kwa wahalifu wa mabavu. Mtoa bima anakuja na mkaguzi, anasoma mwongozo wa matumizi ya nguvu, anauliza mafunzo, anataka kujua kwa nini askari mmoja ana madai manne. Tangu 2020 ada zimepanda sana katika miji mingi, na kila diwani anayepitisha bajeti anaiona namba hiyo.

Wapo wanaopendekeza kila askari akate bima yake binafsi, kama daktari, ili mwenye rekodi mbaya ashindwe kuimudu. Wakazi wa Minneapolis walijaribu kulipeleka hilo kwenye kura mwaka 2016, na Mahakama Kuu ya Minnesota ikalizuia. Colorado ilichukua njia nyingine mwaka 2020: iliondoa ile kinga yenye masharti katika madai ya jimbo, na askari aliyetenda bila nia njema anaweza kulipa mwenyewe asilimia 5 ya hukumu au dola 25,000, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mimi naipenda ya Colorado zaidi. Askari anapojua kuna senti yake humo, hata ndogo, anamtazama tofauti mtu aliyelala chini.

Lakini huhitaji kusubiri sheria mpya. Wewe unalipa kodi ya nyumba, au unalipa pango ambalo ndani yake imo kodi ya nyumba. Bajeti ya mji hujadiliwa hadharani, na wananchi hupewa dakika mbili au tatu kila mmoja kuzungumza. Mwezi mmoja kabla ya kikao, iandikie ofisi ya karani wa mji, kwa sheria ya uwazi wa nyaraka ya jimbo lako, uombe vitu vinne: ada ya bima ya dhima ya polisi kwa miaka mitano iliyopita, kiasi mji unachojilipia kabla ya bima kuanza, orodha ya suluhu zilizolipwa, na barua za mapendekezo ambazo mtoa bima ameipa idara. Kitakachokataliwa, omba sababu kwa maandishi. Nendeni watu kumi au kumi na watano, mmoja asome namba, wa pili aulize mapendekezo ya mtoa bima yametekelezwa lini. Mtakaotaka kuzungumza Kiswahili, mwombeni karani mkalimani siku kadhaa kabla, na mwambieni ni Kiswahili cha wapi.